Medali isiyoonekana kwenye DD 214: utaratibu wa kurekebisha kumbukumbu za utumishi katika jeshi la Marekani

Katika miezi ya karibuni ofisi yetu imepokea malalamiko mengi kutoka kwa Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi waliolitumikia jeshi la Marekani, ambao maombi yao ya kurekebisha kumbukumbu za utumishi yamerudishwa au yamekataliwa. Baadhi yao waliandikishwa wakiwa na ukaazi wa kudumu. Wengine walipitia mpango ulioanza mwaka 2009, uliowaruhusu wageni waliokuwa nchini kihalali kujiunga kwa sababu ya ujuzi wao wa lugha, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizohitajika. Hatuna shaka kwamba walitumikia kwa uaminifu. Hata hivyo, majalada mengi tunayoletewa baada ya kukataliwa yana kasoro ileile: mwombaji alijaza fomu kabla ya kutambua anaomba nini hasa.

Nishani, medali na beji huorodheshwa katika kisanduku cha 13 cha DD 214, yaani hati anayopewa askari anapoondoka jeshini. Ikiwa yako haimo, huenda ulitunukiwa kwa amri ya maandishi lakini haikuingizwa ulipokuwa ukiondoka jeshini. Huenda pia ni medali ambayo kila aliyetimiza masharti anaistahili bila kupendekezwa na mtu, kama National Defense Service Medal kwa waliokuwa kwenye utumishi kamili wa heshima kati ya tarehe 12 Septemba 2001 na 31 Desemba 2022. Au huenda hakuna aliyewahi kukupendekeza. Hali hizi haziendi kwa njia moja, na kuzichanganya ndiko kunakowapotezea watu mwaka mzima.

Hali mbili za kwanza kwa kawaida hazihitaji bodi yoyote ya kurekebisha kumbukumbu. Aliyetumikia Jeshi la Nchi Kavu, kwa mfano, hupeleka ombi kwa kamandi ya rasilimali watu iliyoko Fort Knox, Kentucky, au huanzia katika kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi kilichoko St. Louis, Missouri, kwa kutumia fomu ya SF 180 au kwa njia ya mtandao. Aambatanishe nakala ya amri iliyotoa medali, yenye namba na tarehe, au hati zinazoonyesha kwamba masharti yalitimizwa. Akikubaliwa, atapewa DD 215. Tunaomba jambo hili lieleweke, kwa kuwa tunalijibu karibu kila wiki: DD 215 ni waraka kamili wa marekebisho unaosomwa pamoja na DD 214, wala si dalili kwamba ombi lako limepuuzwa kwa sababu hukupewa DD 214 mpya.

Wapo wanaosingizia kwamba faili lao liliungua katika kituo hicho cha St. Louis. Moto wa tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18, hasa ya askari wa nchi kavu walioondoka kati ya mwaka 1912 na 1960, na sehemu ya mafaili ya Jeshi la Anga ya walioondoka kabla ya mwaka 1964. Mtu aliyemaliza utumishi mwaka 2012 hawezi kudai kwamba faili lake liliungua. Aliombe.

Ushahidi ndio unaobeba ombi. Chukua taarifa ya mshahara ya mwezi uliokuwa ng'ambo: katika safu ya stahili utaona malipo ya eneo la hatari, ambayo hufikia dola 225 kwa mwezi. Waombaji wengi huambatanisha karatasi hiyo pekee wakiamini imethibitisha kwamba walikuwa Iraq. Haithibitishi hivyo, kwani malipo hayo kwa miaka mingi yalilipwa pia Kuwait, na kukaa Kuwait hakumpi mtu Iraq Campaign Medal, medali ya waliotumikia Iraq. Inayotakiwa ni amri ya kupelekwa, tathmini ya utendaji iliyotaja mahali, au waraka mwingine wa kikosi unaoonyesha nchi na tarehe, ili ihesabiwe kama ulifikisha siku 30 mfululizo au siku 60 zisizofuatana nchini Iraq. Maelezo ya wenzako yanakubalika, mradi mwandishi aeleze alichokiona kwa macho yake, wapi na lini, kisha atie sahihi. Barua inayosema tu kwamba wewe ni askari shujaa haina uzito.

Beji ya Combat Action Badge ina mkanganyiko wake. Iliidhinishwa mwaka 2005, lakini inawahusu pia waliokabiliana na adui tangu tarehe 18 Septemba 2001, kwa hiyo aliyeondoka jeshini mwaka 2004 anaweza kuistahili ingawa DD 214 yake haingeweza kuitaja. Haiji yenyewe, bali huombwa kwa ushahidi wa tukio mahususi. Kadhalika Purple Heart hutaka jeraha lililosababishwa na adui, lililotibiwa na mtaalamu wa tiba, na tiba hiyo iwe imeandikwa. Kulipwa fidia ya ulemavu na idara ya wanajeshi wa zamani hakutoshi, hata kama fidia hiyo ni ya asilimia 100, kwa kuwa idara hiyo huangalia madhara uliyonayo na haiamui nani alistahili nishani.

Ambaye hakupendekezwa kamwe hawezi kujipendekeza mwenyewe. Muda wa kawaida wa mapendekezo ukishapita, kifungu cha 1130 cha juzuu la 10 la sheria za Marekani kinaruhusu pendekezo lipitie kwa mbunge au seneta, ambaye huliomba jeshi lilipitie. Pendekezo liandikwe na mwenye kulijua tukio, hasa kamanda wako wa wakati huo, kwa hiyo mtafute kamanda kabla hujamwandikia mbunge.

Bodi ya kurekebisha kumbukumbu, inayoombwa kwa fomu DD 149 chini ya kifungu cha 1552 cha juzuu hilohilo, ni hatua ya mwisho baada ya njia hizo kukamilishwa. Wajumbe wake ni raia. Wanaanza na dhana kwamba jeshi lilitenda sawasawa, na ni juu yako kuonyesha kosa au dhuluma. Ombi liwasilishwe ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa. Ukichelewa, eleza sababu, kwani bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki. Sheria inazitaka bodi zimalize maombi mengi ndani ya miezi 10 na lisipite lolote miezi 18, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Kutuma ombi la pili katikati ya muda huo hakuharakishi la kwanza. Hakuna ada, na anayekudai fedha ili fomu ipokelewe anakudanganya.

Waliobadilisha jina walipoapishwa uraia baada ya kuondoka jeshini wasitarajie DD 214 ibadilishwe, kwa kuwa waraka huo huonyesha hali ilivyokuwa wakati wa utumishi. Ambatanisha cheti cha uraia au amri ya mahakama, na utumie katika fomu jina ulilotumikia nalo.

Usiandike chochote kwenye DD 214 yako, hata kama una hakika kwamba medali ni yako. Kughushi au kubadilisha hati ya kuondoka jeshini ni kosa lenye kifungo kisichozidi mwaka 1, faini, au vyote viwili. Kutoa maelezo ya uongo kwa makusudi katika DD 149 kunaweza kuleta kifungo kisichozidi miaka 5. Tangu mwaka 2013, kudai kwa udanganyifu nishani fulani, ikiwemo Purple Heart, ili kujipatia fedha au manufaa mengine, nako ni kosa la jinai.

Ukikataliwa, soma sababu zilizoandikwa katika uamuzi kabla ya kurudi. Bodi hulifikiria upya ombi likiwa na ushahidi mpya ambao haikuuona awali. Kulirudisha jalada lilelile kwa maneno makali zaidi hakutabadilisha jibu. Askari akiwa amefariki, mjane, mtoto, mzazi au mwakilishi wa kisheria anaweza kuomba kwa niaba yake kwa kuambatanisha cheti cha kifo na uthibitisho wa uhusiano, vyote viwe nakala, si hati halisi.