Kutiwa hatiani kimakosa: dhana yenyewe, na kwa nini kesi ya Willingham haiishi kubishaniwa

Ukisikia kwamba fulani alitiwa hatiani kimakosa, haraka utaelewa kuwa hakuua. Inaweza kuwa hivyo, lakini dhana hii imebeba madai mawili. La kwanza linahusu tendo: aliyehukumiwa siye aliyelitenda. La pili linahusu kesi: ushahidi uliomfunga haukutosha, au ulikuwa wa uongo, kiasi kwamba mahakama haikupaswa kumwona na hatia, hata kama moyoni kila mtu alimshuku.

Dai la pili linatokana na kanuni inayofuatwa Marekani na Uingereza, na hata katika mahakama za Kenya, Tanzania na Uganda: upande wa mashtaka ndio wenye wajibu wa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka. Mshtakiwa hadaiwi uthibitisho wa usafi wake. Upande wa mashtaka ukishindwa, anaachiwa huru, na mahakama hailazimiki kujibu swali la nani basi aliyeua.

Sasa mtu akiwa ameshauawa na serikali, kanuni hiyo hupinduliwa kimyakimya. Watu huanza kudai uthibitisho kwamba hakufanya. Wajibu uliokuwa wa serikali unahamishiwa kaburini. Hapo ndipo mabishano mengi kuhusu Cameron Todd Willingham yalipokwama.

Willingham alikuwa kijana wa miaka 23, hana kazi, akiishi Corsicana, mji mdogo wa Texas. Tarehe 23 Desemba 1991 nyumba yake iliungua asubuhi. Mkewe alikuwa ametoka. Yeye alitoka nje akiwa hai. Binti zake watatu, mmoja wa miaka miwili na mapacha wa mwaka mmoja, walikufa. Agosti 1992 juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, lilimtia hatiani kwa mauaji. Kabla ya kesi alipewa nafasi ya kukiri ili apate kifungo cha maisha, akakataa. Tarehe 17 Februari 2004 aliuawa kwa sindano ya sumu huko Huntsville, akisema hadi mwisho kwamba hana hatia.

Nguzo ya kesi ilikuwa moto wenyewe. Wachunguzi waliona sakafu imeungua kwa madoa kama ya kimiminika kilichomwagwa, vioo vya dirisha vimejaa nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, na sehemu kadhaa zilizoonekana kama chanzo. Wakahitimisha kwamba mtu alimwaga kitu kinachowaka, kisha akatia kiberiti. Walisema walichofundishwa. Shida ni kwamba mengi waliyofundishwa yalikuwa mapokeo ya kazini ambayo hakuna aliyewahi kuyapima.

Na mwaka huohuo wa 1991 yalikuwa yameanza kupimwa. Huko Jacksonville, Florida, wataalamu waliichoma nyumba kwa makusudi, wakianzia kwenye kochi, bila kumwaga chochote, ili kuchunguza kesi nyingine iliyofanana. Baada ya dakika chache tu joto lililojikusanya darini lilifanya chumba kizima kiwake kwa mpigo mmoja. Hali hiyo ikifikiwa, sakafu huungua yenyewe, na alama zinazobaki zinafanana mno na za petroli iliyomwagwa. Mshtakiwa wa Jacksonville alifutiwa mashtaka. Vioo navyo ikaja kujulikana kwamba hupata nyufa zile vinapopozwa ghafla, mathalani na maji ya zimamoto. Huko Corsicana maabara ilipata dalili za kimiminika kinachowaka karibu na mlango wa mbele tu, na pale barazani palikuwa na jiko la kuchomea nyama, ambalo mafuta yake ya kuwashia yangeweza kueleza dalili hizo.

Siku chache kabla ya sindano, mkemia Gerald Hurst aliandika ripoti akieleza kwamba hakuona dalili yoyote ya moto wa kuwashwa kwa makusudi. Ripoti ilipelekwa kwa gavana Rick Perry na bodi ya msamaha. Haikubadilisha kitu. Oktoba ya mwaka huohuo, Texas ilimwachia Ernest Willis, aliyekaa miaka 17 akisubiri kuuawa kwa kesi ya moto yenye ushahidi wa aina ileile, baada ya Hurst kuuchunguza huo pia. Kwangu mimi hili ndilo jambo gumu kulimeza kuliko yote katika mkasa huu.

Wanaotetea hukumu hawana mikono mitupu, na ni haki wasikilizwe. Majirani walisema Willingham alishughulika kusogeza gari lake badala ya kurudi ndani. Alikuwa na historia ya kumpiga mkewe. Mkewe huyo, waliyekuja kuachana, ametoa kauli zinazopingana kwa nyakati tofauti. Mfungwa mmoja alidai Willingham alimwungamia gerezani, lakini baadaye mfungwa huyo aliukana ushahidi wake. Mwendesha mashtaka alifunguliwa kesi ya nidhamu akidaiwa kuficha makubaliano na shahidi huyo. Mwaka 2017 juri likamwona hana kosa. Na Perry, alipobanwa mwaka 2009, alimwita Willingham zimwi.

Tazama hoja hizo zinaelekea wapi. Karibu zote zinahusu alikuwa mtu wa namna gani. Kwenye kesi yenyewe mtaalamu wa saikolojia alisimamishwa kueleza maana ya bango la kundi la muziki wa roki la Iron Maiden lililokuwa nyumbani kwake! Mtu anaweza kuwa mume katili na baba mwoga, na bado nyumba ikawa imeungua kwa bahati mbaya.

Linganisha na Timothy Evans wa Uingereza, aliyenyongwa Machi 1950 kwa kumuua bintiye. Miaka mitatu baadaye iligundulika kwamba jirani yake wa nyumba hiyohiyo, John Christie, shahidi muhimu dhidi yake, alikuwa amewaua wanawake kadhaa na kuficha miili yao humo. Mwaka 1966 Evans alipewa msamaha akiwa mfu. Mabishano yalitulia kwa kuwa umma ulipata mtu mwingine wa kumnyooshea kidole.

Willingham hana Christie wake, na hawezi kumpata. Kama wanasayansi wako sahihi, hakukuwa na muuaji kwa sababu hakukuwa na mauaji; palikuwa na moto tu. Hii ni aina ya peke yake ya kutiwa hatiani kimakosa: mtu kuhukumiwa kwa kosa ambalo halikutendeka. Ni aina ngumu kuithibitisha, maana hakuna kinasaba wala alama ya kidole ya kuonyesha kwamba jambo halikutokea.

Mwaka 2009 Craig Beyler, mtaalamu wa moto aliyeajiriwa na tume ya Texas ya sayansi ya ushahidi, aliandika kwamba hitimisho la moto wa makusudi halikuwa na msingi. Siku chache kabla ya tume kumsikiliza, Perry alibadilisha wajumbe na kikao kikaahirishwa. Mwaka 2013 Texas ilipitisha sheria inayowaruhusu waliohukumiwa kurudi mahakamani pale sayansi iliyowafunga inapobatilishwa. Mwaka uliofuata bodi ya msamaha ilikataa kupendekeza Willingham asamehewe, na hukumu ya 1992 haijafutwa.