Ustawi wa mifugo: sheria inamlinda mnyama dhidi ya nini?

Kila siku sokoni kuna kuku wanaofika wamefungwa miguu kwa kamba ya katani, wananing'inia vichwa chini kwenye usukani wa pikipiki. Midomo iko wazi, mbawa zimelegea, macho yanapepesa. Mnunuzi anambinyabinya mmoja kifuani, anaona amenona, analipa. Kuku yule ni mzima wa afya, amechanjwa kideri na hana hata mafua.

Lakini maumbile ya kuku si kama yetu. Hana kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kwa hiyo anapogeuzwa juu chini matumbo yanaelemea mapafu na vifuko vyake vya hewa. Safari nzima anahangaika kuvuta pumzi. Hapo ndipo yanapoachana maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya: afya ya mifugo na ustawi wa mifugo.

Sheria za afya ndizo zilizotangulia, na sababu yake inaeleweka. Miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa kuambukiza wa ng'ombe, ilipoingia Afrika Mashariki ilimaliza mazizi. Wafugaji, Wamaasai wakiwamo, walipoteza karibu ng'ombe wote, na njaa ikafuata. Dunia ilitangaza kuitokomeza sotoka mwaka 2011, zaidi ya karne moja baadaye. Maradhi ya namna hiyo ndiyo yaliyozifanya serikali ziwe na karantini, chanjo za lazima, majosho na kibali cha kusafirisha mifugo. Kwa Tanzania mambo hayo yamo kwenye Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na kwa Kenya yako Sura ya 364 ya sheria za nchi hiyo. Ng'ombe akifa ghafla huku damu isiyoganda ikimtoka puani, huruhusiwi kumchuna wala kumgawa nyama, kwa sababu huenda ni kimeta, na mzoga ukipasuliwa vimelea hukutana na hewa na kugeuka mbegu zinazokaa ardhini miaka mingi. Unamwita bwana mifugo. Kinachokingwa hapo ni kundi la jirani, soko, na mtu atakayekula ile nyama.

Sheria ya ustawi inamtazama mnyama mwenyewe. Msingi wake ni kwamba mnyama anahisi: anaumwa, anaogopa, anachoka. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, na kiini chake ni kile wataalamu wanachokiita uhuru tano: mnyama asikae na njaa na kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiachwe na maumivu, jeraha au ugonjwa, apate nafasi ya kufanya yaliyo ya asili yake, asiishi kwa hofu na fadhaa. Wazo hili lilianzia Uingereza. Mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell ilichunguza ufugaji wa kufungia mifugo ndani ikasema kwamba mnyama lazima aweze walau kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mwaka 1979 ndipo wazo hilo likapangwa kuwa ule uhuru tano.

Kwa mtu aliyezoea kuku wa kienyeji, ule uhuru wa nne hauhitaji mwalimu. Kuku huparua, huoga vumbi, na saa ya kutaga ikifika hutafuta mahali pa kujificha, hata chini ya kitanda cha wageni. Mweke kwenye keji ya waya na bado mwili wake utataka hayo yote. Atatembea akirudi palepale, akitafuta kiota ambacho hakipo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku zile keji za kutagia zisizo na kiota wala mahali pa kuparua kuanzia mwaka 2012, wakati huku kwetu wafugaji wa mayai ndio kwanza wanazinunua. Mimi naona tunanunua kosa ambalo wenzetu wameshalijutia.

Kuna tofauti nyingine inayowapita wengi, kati ya ukatili na ustawi. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ni ya tangu miaka ya 1960, na inamshika mtu anayempiga mnyama, anayemtisha au anayembebesha mzigo kupita uwezo wake. Sheria ya ustawi inakwenda mbele zaidi kwa kumpa mwenye mnyama wajibu wa kumtunza. Mbuzi aliyefungwa kwenye mti tangu asubuhi, kivuli kimeshahama na maji hakuna, hajaguswa na fimbo ya mtu. Bado aliyemfunga amekosa.

Mahali ambapo wajibu huu unavunjwa mchana kweupe ni barabarani. Ng'ombe wa Kanda ya Ziwa husafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Nimewahi kusimama nyuma ya lori la namna hiyo kwenye kizuizi. Fahali mmoja alikuwa ameanguka na wenzake walikuwa wamesimama juu ya mbavu zake. Utingo alikuwa akimchoma na ncha ya fimbo, kisha akamkunja mkia ili ainuke. Sakafu ilikuwa bati tupu lenye mkojo, kwato hazishiki. Karatasi zilikaguliwa, zikaonekana sawa, lori likaondoka. Hakuna aliyepanda kutazama ndani.

Nyasi kavu au mchanga sakafuni, kizuizi cha katikati ili ng'ombe wasirundikane, kituo cha maji njiani: ndivyo vitu ambavyo fahali yule alivikosa. Na hasara haikuishia kwake. Mnyama aliyechoka na kuhangaika humaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, na akichinjwa nyama yake huwa nyeusi, ngumu, na huharibika upesi.

Kwenye kuchinja, watu wa Pwani hawahitaji kufunzwa na Ulaya. Mtume aliagiza kisu kinolewe na mnyama apunguziwe taabu, na wachinjaji wazuri hawanoi kisu mbele ya macho yake. Sheria ya ustawi inataka hilohilo, mnyama asiteseke wala asitishwe katika dakika zake za mwisho.

Ukiona mnyama anateswa, wa kumwendea ni daktari wa mifugo wa wilaya au ofisa mifugo wa kata, na polisi pia wanahusika kwa sababu ni kosa la jinai. Kwa wale kuku wa pikipiki, hata kesi haihitajiki. Tenga la mianzi linawabeba kuku walewale, kwenye pikipiki ileile, wamekaa kwa miguu yao na wanapumua.