Saa ya Kula na Uzito wa Mwili: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Chakula kiliwacho baada ya saa mbili usiku hugeuka mafuta.

Ukweli: Hakuna saa ambayo ikigonga, wali ule ule huanza kunenepesha. Mtu hunenepa kwa kula, siku nenda siku rudi, zaidi ya mwili unavyotumia. Hata hivyo, dhana hii haikuzuka hivi hivi. Usiku, homoni ya melatonini inapopanda, kongosho hutoa kwa uchache insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu, na sukari hukawia kwenye damu kuliko mlo huo ungeliwa asubuhi. Mwaka 2022, watafiti wa Boston waliwachunguza watu 16 wenye uzito uliozidi: mlo ulipocheleweshwa kwa saa nne, njaa iliongezeka, na nishati waliyotumia wakiwa macho ikapungua kwa takriban asilimia 5. Lakini mwaka huo huo, huko Aberdeen, Uskoti, watu 30 walipewa sehemu kubwa ya chakula asubuhi kwa wiki nne na jioni kwa wiki nne nyingine, na kilo walizopunguza zikalingana. Tofauti ilikuwa kwamba waliposhiba asubuhi, njaa haikuwasumbua sana.

Kwa maoni yangu, anayeshuka Mama Ngina, ufukweni Mombasa, baada ya magharibi ataliona tatizo lenyewe: viazi karai kwa ukwaju, kachri za muhogo zenye pilipili na ndimu, mishkaki, kisha nyumbani sahani ya chakula cha usiku inangoja, nayo huliwa yote. Kosa hapo ni la mlo wa pili, wala si la saa.

Dhana: Asiyekula asubuhi huzubaisha umetaboli wake, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula kupata nishati, na kunenepa.

Ukweli: Uchambuzi wa majaribio 13 uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliokula asubuhi walipata takriban kilokalori 260 zaidi kwa siku, na uzito wao ulizidi kidogo ule wa wasiokula. Hili halimkatazi mtu mahamri na mbaazi zake, ila asiyehisi njaa alfajiri asijilazimishe kwa hofu ya unene.

Dhana: Kula mara sita kidogo kidogo huchoma mafuta.

Ukweli: Nishati ya kusaga chakula hufuata jumla ya kilicholiwa, si idadi ya milo.

Dhana: Kufunga mchana kutwa lazima kupunguze uzito.

Ukweli: Mwezi wa Ramadhani wengi hupungua kilo moja hivi, na aghalabu huirudisha wiki chache baada ya Idi. Mombasa iko karibu na Ikweta, hivyo saumu yetu haipungui saa 13 mwaka wowote. Lakini futari ya tambi za sukari, kaimati na sambusa, ikifuatwa na daku nzito, huweza kuifidia njaa yote ya mchana. Huko Guangzhou, Uchina, watu 139 wenye unene walipunguziwa chakula kwa miezi 12, nusu yao wakiruhusiwa kula kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni tu. Makundi yote mawili yalipungua, bila tofauti ya maana.