Je, wajua kwa nini Wajapani hutulia ardhi ikitetemeka?

Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana, tetemeko la ukubwa wa 9.0 liliipiga pwani ya kaskazini mashariki mwa Japani, kisha tsunami ikafuata. Walimwengu walioona foleni za watu waliotulia wakisubiri maji na chakula waliuliza: hawa hawaogopi? Wengi wakajijibu kwamba ndivyo walivyoumbwa.

Hapana. Mwaka 1923 tetemeko liliangamiza Tokyo na Yokohama na kuua zaidi ya watu 100,000. Ukazuka uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani, na makundi ya raia, hata askari, yakaua Wakorea kwa maelfu. Walikuwa Wajapani haohao.

Utulivu huo hufundishwa. Septemba 1, siku ya tetemeko lile, sasa ni Siku ya Kujikinga na Maafa, na nchi nzima hufanya mazoezi. Shuleni, mtoto hujifunza kuingia chini ya dawati na kushika miguu ya dawati hilo. Shule nyingine humpa hata kofia nene ya kukinga kichwa, ambayo siku za kawaida huikalia kama mto. Hurudia mpaka achoke, na hapo ndipo mwili unapojua la kufanya kabla akili haijauliza.

Watu wa Sanriku, pwani ya kaskazini mashariki mwa Japani, wana usemi wao: *tsunami tendenko*, yaani tsunami ikija, kila mtu akimbie kivyake. Masikioni mwetu ni ubinafsi mtupu! Lakini mama anayejua kwamba mwanawe ameshakimbia harudi nyuma kumtafuta, akafa bure.

Mjini Kamaishi, kwenye pwani hiyohiyo, siku ile ya 2011, wanafunzi wa sekondari walitimua mbio kuelekea mlimani bila kungoja tangazo. Wadogo wa shule ya msingi jirani walikuwa wamepandishwa ghorofa ya tatu. Walipowaona kaka na dada zao wanakimbia, wakashuka na kuwafuata. Walipofika mahali palipopangwa, wakaona ukingo wa mlima nyuma yake umeporomoka. Wakapanda tena juu zaidi, wakubwa wamewashika wadogo mikono. Wakapona.

Maji yalipopungua, gari lilikutwa limekwama kwenye ghorofa ya tatu ya ile shule ya msingi.