Je, wajua kwa nini mwanamuziki wa kielektroniki huitwa msaliti anapobadilisha mtindo?

Mwaka 2010 watayarishaji watatu wa muziki kutoka Croydon, kusini mwa London, walitoa albamu kupitia lebo kubwa ya Columbia wakijiita Magnetic Man. Watatu hao, Skream, Benga na Artwork, walikuwa miongoni mwa watu walioutengeneza mtindo wa dubstep, muziki wa klabu uliojengwa juu ya besi nzito, tangu ulipokuwa haujapata hata jina. Wimbo wao wa "I Need Air" uliingia katika kumi bora za Uingereza, na mwaka huohuo wimbo wa "Katy on a Mission" ulioimbwa na Katy B, ambao mdundo wake ulitengenezwa na Benga, ulifika nafasi ya 5. Wapo mashabiki wa siku nyingi waliosherehekea, kwa sababu vijana wao walikuwa wametoka, yaani wamefanikiwa. Wapo pia waliosema kwamba waasisi wameuza mechi.

Lawama ya namna hiyo huwafikia wanamuziki wa kila aina, lakini katika muziki wa kielektroniki huwa kali kuliko kwingineko, na sababu yake haionekani kwa kuusikiliza muziki peke yake. Mwimbaji ana sura, sauti na maneno yake, hivyo hata akihama kutoka mdundo mmoja hadi mwingine, msikilizaji bado anamtambua. Mtayarishaji wa muziki wa klabu mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo. Anajulikana kwa jinsi besi yake inavyotembea, kwa lebo iliyomtoa, kwa DJ aliyekuwa wa kwanza kukipiga kibao chake, na kwa ukumbi ambamo kibao hicho kilipigwa. Heshima yake imewekwa amana kwa watu hao na mahali hapo, na ndiyo maana anapouacha mtindo wanahisi kwamba wao ndio walioachwa.

Tuitazame dubstep kwa karibu, maana kisa chake kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo ya jumla. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kitovu chake kilikuwa duka la santuri la Big Apple, katika mtaa wa Surrey huko Croydon. DJ Hatcha alikuwa akiuza santuri dukani, Skream alifanya kazi hapo akiwa bado kijana mdogo, Artwork alikuwa na studio ghorofani, na Benga alikuwa mmoja wa vijana waliokuwa wakishinda hapo. Muziki uliotamba London wakati huo ulikuwa garage, wenye sauti tamu za waimbaji na mdundo wa kuchangamsha. Vijana hao waliuvua sauti hizo, wakaupunguzia vikorombwezo, wakabakiza ngoma chache zinazokwenda kwa mapigo yapatayo 140 kwa dakika, na nafasi yote iliyosalia wakaiachia besi.

Kutoka dukani vibao vilikwenda kwenye usiku wa FWD, ulioanza mwaka 2001 na baadaye ukahamia katika klabu ndogo yenye giza ya Plastic People, mashariki mwa London. Mwaka 2005 Mala, Coki na Loefah walianzisha usiku wao wa DMZ huko Brixton. Vibao hivyo vilipigwa pia katika redio zisizo na leseni. Sehemu kubwa ya muziki huo haikuuzwa popote kwa miezi, na pengine kwa miaka. Ulichongwa kwenye dabpleti, yaani kisahani cha alumini kilichopakwa laka, ambacho huchongwa kimoja kimoja, kwa gharama isiyo ndogo, na huanza kuchakaa baada ya kupigwa mara kadhaa tu. Utaratibu huo ulirithiwa kutoka kwa wenye mitambo ya muziki ya Jamaika, ambao walishindana kwa kumiliki kibao ambacho mwenzao hana. Maana yake kwa msikilizaji ilikuwa moja: ukitaka kukisikia kibao fulani, umfuate DJ mwenye nacho, usiku anaopiga, katika ukumbi anaopigia.

Hata ungekipata nyumbani, usingekisikia chote. Besi ya dubstep ya awali ilikaa chini sana, kwenye mitetemo ya kama 40 hadi 60 kwa sekunde, ambayo spika ya simu au ya kompyuta mpakato haiwezi kuitoa. Kibao kilichokutikisa kifua kule Brixton kingesikika kwenye simu kama ngoma chache zinazogongwa kwa mbali, na anayekisikiliza angejiuliza watu wanafurahia nini. Hivyo basi, heshima ya chini kwa chini, yaani ya muziki unaoishi nje ya soko kubwa, haikuwa maneno matupu ya kujitapa, kwa kuwa muziki wenyewe uliumbwa kwa namna ambayo asiyefika ukumbini hawezi kusema ameusikia. Aliyefika alikuwa ametoa kiingilio, amekosa usingizi na amesimama mbele ya spika, na alijua kwamba waliomzunguka wamefanya vivyo hivyo.

Sasa mtu anaweza kuona ni kwa nini badiliko lililoonekana kuwa la kiufundi tu lilizua ugomvi mkubwa kiasi kile. Baada ya mtangazaji Mary Anne Hobbs kuwakusanya ma-DJ wa dubstep katika kipindi kimoja cha BBC Radio 1 mwezi Januari 2006, wasikilizaji wa nje ya London waliongezeka haraka. Watayarishaji kadhaa, wakiwemo Caspa na Rusko, ambao mkusanyiko wao wa mwaka 2007 katika mfululizo wa klabu ya Fabric uliwavuta wageni wengi, walianza kuipandisha besi kutoka chini kabisa hadi masafa ya kati, yaani sauti zisizo nzito sana wala nyembamba sana, ambako hunguruma, hukwaruza na kuyumba. Haki inataka isemwe kwamba hawakuwa peke yao, kwani Coki mwenyewe, mmoja wa waasisi wa DMZ, alitoa vibao vya ngurumo za aina hiyo. Ngurumo za masafa ya kati husikika vizuri hata kwenye spika ndogo, na hapo kibao kikaweza kusafiri bila ukumbi wake. Skrillex, kijana wa Marekani aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya roki kali, alizibeba ngurumo hizo hadi kwenye matamasha makubwa ya kwao, na mwezi Februari 2012 akaondoka na tuzo tatu za Grammy. Kwa mtu aliyelala nje ya nyumba yake kila wikiendi tangu 2003, kilichokuwa kimepotea ni ule ulazima wa kuwepo, na mabadiliko ya sauti yalikuwa dalili tu ya hasara hiyo.

Kwa maoni yangu, ushahidi bora kwamba watu hawakukasirishwa na badiliko lenyewe ni wale waliobadilika bila kuguswa. Loefah aliacha kabisa kutengeneza dubstep, mwaka 2009 akaanzisha lebo ya Swamp81, na akahamia midundo ya polepole zaidi iliyofanana na muziki wa house na elektro. Kama kosa lingekuwa kuuhama mtindo, yeye angekuwa mkosaji wa kwanza. Mala alikwenda Havana kufanya kazi na wanamuziki wa Kuba, na albamu iliyotokana na safari hiyo, iliyotoka mwaka 2012, ilipokewa kama ishara ya ukomavu. Huko Detroit, Jeff Mills, aliyejulikana kwa techno kavu isiyo na mzaha, alipiga pamoja na okestra ya Montpellier nchini Ufaransa mwaka 2005, wala heshima yake haikupungua. Wote hao walibadilika kuliko Magnetic Man, ambao kwa kweli walikuwa bado wakitengeneza dubstep, ila yenye waimbaji na beti za kukumbukika. Tofauti ni mwelekeo. Anayehamia mahali penye wasikilizaji wachache au pagumu zaidi huitwa mtafiti. Anayehamia penye wasikilizaji wengi na fedha nyingi hutakiwa ajieleze.

Skream anaivuruga kanuni hiyo, na ndiyo maana kisa chake kinavutia. Kuanzia takriban mwaka 2012 alianza kupiga disko, house na techno, akaiacha dubstep kwa miaka kadhaa. Je, alikuwa akiifuata fedha ya muziki wa house, ambao soko lake la klabu ni kubwa na la kudumu, au alikuwa akiukimbia umati uliokuja na ngurumo? Mashabiki walibishana, na kila upande ulikuwa na hoja. Mtu aliyeanza kutoa santuri akiwa kijana mdogo na kufika umri wa miaka 26 huku akidaiwa kibao kilekile kila usiku ana haki ya kuchoka, ingawa shabiki aliyemjengea jina naye ana haki ya kununa.

Ingekuwa rahisi kuyaona haya yote kuwa ni wivu na kiburi cha watu wanaotaka kubaki wachache. Kiburi kipo, sikatai. Lakini historia ya muziki huu inaonyesha kwamba tahadhari ya watu wa chini kwa chini ilikuwa na msingi. House ilizaliwa Chicago na techno Detroit mikononi mwa Wamarekani weusi, kisha faida kubwa ikavunwa Ulaya. Kundi la Underground Resistance, lililoanzishwa Detroit na Mike Banks na Jeff Mills mwishoni mwa miaka ya 1980, likaungwa mkono na Robert Hood, liliifanya tahadhari hiyo kuwa msimamo: wanachama wake walificha nyuso, walijichapishia santuri wao wenyewe, na walikataa kujifunga na kampuni kubwa. Mwaka 1999 walitoa kibao cha DJ Rolando cha "Knights of the Jaguar", ambacho kilipendwa klabu hadi klabu. Tawi la Sony la Ujerumani likatengeneza toleo lililokiiga karibu noti kwa noti bila ridhaa ya kundi, na malalamiko ya mashabiki kutoka nchi mbalimbali yakailazimu kampuni hiyo kuachana na mpango wake. Katika mkasa huo hakuna msanii aliyebadilisha mtindo, lakini unaeleza kwa nini mashabiki hushtuka jina la kampuni kubwa linapoonekana kwenye jalada: wanajua kwamba kinachoanza kama mkataba kinaweza kuishia kwa muziki kuhama mikono.

Wasanii wamepata njia ya kuishi na hukumu hiyo, nayo ni kuwa na majina mengi. Kevin Saunderson, mmoja wa waasisi watatu wa techno ya Detroit, aliingia kumi bora za Uingereza kupitia Inner City, kundi lenye mwimbaji na nyimbo za furaha kama "Big Fun" na "Good Life". Mwaka 1988, kwa jina la Reese, alitoa kibao chenye besi nzito inayojikunja, ambayo vizazi vya watayarishaji wa mitindo ya kasi ya jungle na drum and bass wameichota hadi leo. Mtu ni yuleyule, lakini kila jina lilikuwa na watu wake, na wale wa upande mmoja hawakulazimika kuudai upande wa pili. Richard D. James, maarufu kama Aphex Twin, amefanya hivyo kwa majina mengi zaidi. Kraftwerk walikwenda kinyume: walipozikusanya albamu zao upya mwaka 2009 walianzia na ile ya 1974, wakaziacha nje tatu za mwanzo zilizokuwa na filimbi na majaribio ya studio, kana kwamba hawakuwahi kuwa watu wengine.

Afrika Mashariki ina mfano wake unaoendelea, nao ni singeli. Ni muziki wa kielektroniki kwa kila kipimo: hutengenezwa kwa kompyuta, mara nyingi kwa kukatakata vipande vya ngoma na taarabu, na kasi yake hupita mapigo 200 kwa dakika, wakati mwingine ikikaribia 300. Ulikulia kwenye vigodoro, yaani sherehe za mtaani za usiku kucha, vya Manzese, Tandale na mitaa ya jirani jijini Dar es Salaam, kisha wakali kama Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba wakaufikisha redioni. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati, na tangu hapo watayarishaji na wachanaji wa huko wamepiga katika klabu na matamasha ya Ulaya, mbele ya watu wanaowasikiliza kama wasanii wa majaribio.

Hapo mambo yanageuka. Mtayarishaji wa Mburahati akipunguza kasi na kuleta mwimbaji wa Bongo Fleva ili kibao kipigwe mchana redioni, mtaani ataonekana ametoka, kwa sababu huko singeli haikuwahi kuwa siri ya wachache. Lengo lilikuwa isikike na kila mtu, kuanzia kwenye kigodoro hadi ndani ya daladala. Msikilizaji wa Ulaya, aliyeipenda kwa kasi na ukali wake, huenda akaona kwamba ameipoteza. Na kwa kuwa ada ya tamasha la nje inaweza kuwa kubwa kuliko malipo ya shughuli nyingi za nyumbani, upo uwezekano wa msanii kubaki kwenye kasi ya 300 si kwa kulinda asili, bali kwa sababu mgeni ndiye anayelipa.