Galaksi haimalizwi jamani

Wiki iliyopita kaja kijana dukani kuongezewa RAM. Mashine ipo wazi mezani, yeye anapiga stori, eti huu mwezi wa pili anacheza Elite Dangerous, gemu ya kuzurura galaksi na meli ya anga, na bado yupo palepale alipoanzia maana "fundi, mimi siwezi kuondoka kwenye sistimu sijaimaliza". Sistimu ni nyota pamoja na sayari zake. Nikamuuliza umemaliza ngapi, akasema mia tatu na kitu. Nikamuuliza zimekuingizia shilingi ngapi za humo ndani, akacheka tu. Sasa huyo sijui ni wa ngapi mwaka huu kuniambia maneno yaleyale, na wengi wao gemu yenyewe niliwaambukiza mimi kwa hiyo kosa lingine langu, ila nimechoka kuelezea bisibisi ikiwa mkononi. Naandika mara moja iishe.

Dhana: usipoiskani sistimu yote, hujaichunguza, umeacha kiporo

Hii ndo inayonitoa povu, kwa hiyo tutakaa hapa.

Anza na hesabu. Galaksi ya Elite ina sistimu kama bilioni 400, imejengwa kwa ukubwa halisi wa galaksi yetu. Ukiipa kila sistimu sekunde moja tu, usile, usilale, usiende kazini, utamaliza baada ya miaka zaidi ya 12,600. Na sekunde moja yenyewe ni uongo maana kuchaji injini, kuruka na kupoa ni karibu dakika, kabla hujaangalia hata kokoto. Frontier, wenye gemu, walitoa takwimu mwaka 2020 kwamba wachezaji wote duniani kwa miaka mitano wamefika kwenye asilimia 0.042 ya sistimu. Dunia nzima tumekusanyika na hatujafikisha hata nusu ya sehemu ya kumi ya asilimia moja, halafu wewe na laptop yako unataka mia kwa mia. Na hata ungeishi hiyo miaka yote bado usingeipata, kuna maeneo kama Col 70 Sector yamefungwa kwa kibali, na kwa miaka yote niliyocheza sijaona njia ya kukipata hicho kibali. Mlango umepakwa rangi ukutani.

Ile Elite ya zamani ya mwaka 1984 sawa, ilikuwa na galaksi 8 zenye sistimu 256 kila moja, jumla 2,048, mtu mwenye roho ngumu angezipitia zote akaenda kulala. Hii sio ile.

Sasa huo muwasho unatoka wapi? Unatoka kwenye FSS, skana ya meli ya kutafutia sayari kwa mbali. Ukiingia sistimu mpya unapiga honi, yaani skani ya haraka ya mwanzo, unaambiwa kuna vitu 47, ukifungua FSS inakuonyesha asilimia ya ulivyovipata, na ikifika mia ile sauti ya meli inakutangazia kwamba skani imekamilika. Basi ubongo wa mtu unanaswa hapo. Mwaka 1927 mwanasaikolojia mmoja, Bluma Zeigarnik, aliandika kwamba kazi iliyokatishwa katikati inakumbukwa kuliko iliyoisha, wengine waliorudia majaribio yake hawakupata matokeo yaleyale kila mara, ila mtu yeyote aliyewahi kuacha sistimu kwenye asilimia 96 anajua mama yule alikuwa anaongelea nini.

Yule kijana nilimwambia hebu ingia. Tukatokea kwenye nyota ya aina ya K, honi, vitu 47 kweli. Akashika mausi aanze kuvuta kimoja kimoja, nikamshika mkono. Nikamwambia mdogo wangu, angalia huo mstari wa chini wa FSS kwanza. Kila aina ya sayari ina mahali pake pa kudumu kwenye ule mstari, na mawimbi yake yana umbo lake, ukishauzoea unausoma kama unavyosoma kibao cha daladala, hausogei karibu kujua inaenda wapi. Pale ilikuwa barafu, barafu, barafu, mlundikano wa barafu, majitu ya gesi mawili matatu, halafu pembeni kijiwimbi kimoja cha sayari yenye chuma nyingi. Nikamwambia vuta hicho. Kikaja na ishara tatu za kibaiolojia. Sekunde ishirini. Yeye angetumia robo saa kuzipiga picha barafu thelathini ambazo moja inalipa mia kadhaa, ukiwa wa kwanza labda elfu na kitu, wakati sayari moja inayofanana na Dunia ukiigundua wewe na kuipiga ramani inavuka milioni.

Na hapo hatujaongelea viumbe. Ukiwa na Odyssey, ile nyongeza ya gemu ya 2021 inayokushusha kwa miguu kuchukua sampuli, kiumbe kimoja kiitwacho Stratum Tectonicas peke yake kinalipa milioni 19, ukiwa wa kwanza inazidishwa mara tano. Bakteria wa kawaida analipa milioni moja. Sampuli ni tatutatu kwa hao wawili na umbali wa kutembea kati ya sampuli unalingana, mita 500. Sasa niambie kwa nini unashuka kwenye kila mwezi kukwangua bakteria yuleyule kwa mara ya sitini.

Kosa baya zaidi la hii imani ni nyota ya pili. Sistimu ina nyota nyingine iko mbali huko, imezungukwa na vijisayari, na mkamilishaji wetu anaamua kwenda kuvipiga ramani kwa mkono. Muulize aliyewahi kwenda Hutton Orbital, kituo cha anga pale Alpha Centauri, 0.22 ya mwaka wa nuru kutoka unapoingilia, kwa injini ya kawaida ni zaidi ya saa nzima umekodolea nukta. Watu wanaenda pale kwa utani. Wewe unaifanya kuwa ratiba!

Niwe mkweli, ukimaliza sistimu nzima kuna bonasi kidogo, sitaki mtu aje kunikamata hapo. Ni kidogo. Muda uleule ungeruka sistimu kumi na tano.

Ila najua kuna watu hata uwaambie nini hawatulii mpaka wamalize kitu, na dawa yao ninayo, naitoa bure kila siku na hawaitumii. Chukua boksi, yaani kipande kimoja tu cha galaksi. Yale majina marefu ya sistimu ambayo watu wanadhani ni vurugu tu yana maana: ile herufi ndogo kutoka a mpaka h inakuambia ukubwa wa mchemraba ambao sistimu ipo ndani yake. Herufi a ni mchemraba wa miaka ya nuru 10 kila upande, b ni 20, inajidabo hivyohivyo, d ni 80, mpaka h ni 1,280. Namba ya mwisho kabisa inaanza sifuri na kupanda. Kwa hiyo ukikuta jina linaishia d13-4, ujue kuna d13-0, d13-1 na kuendelea humohumo kwenye boksi lenye jina hilohilo, unaziandika zote kwenye daftari na unazikata moja moja mpaka namba zigome. Hicho ni kitu chenye mwisho. Chagua pembeni ya galaksi huko nyota zilipo chache, usiende karibu na katikati, kule boksi moja linaweza kuwa na maelfu na tutarudi kulekule kwenye kulia.

Dhana: kila kitu kilishagunduliwa

Soma tena ile 0.042. Tatizo lenu wote mnapita barabara moja ya kwenda Sagittarius A*, shimo jeusi la katikati ya galaksi, au Colonia, makazi ya watu huko mbali. Panda juu au shuka chini ya bapa la galaksi miaka ya nuru mia kadhaa, halafu ndo unyooshe. Majina ya watu waliokutangulia kugundua yanakata.

Dhana: umeme ukikatika data zote zimekwenda

Hapana! Hili naulizwa na watu wa hapa mjini tu na naelewa kwa nini. Gemu inataka intaneti muda wote, kwa hiyo umeme ukikatika unatupwa nje, lakini skani zako zipo kwa sava, ukirudi unaikuta meli yako na data zako. Data zinapotea meli ikilipuka kabla hujauza. Na meli nyingi za wachunguzi hazilipuliwi na adui, zinajiua zenyewe kwenye sayari yenye mvutano mkubwa, mtu anashuka kama anaegesha bodaboda. Weka ngao hata ndogo, acheni ubahili wa uzito eti meli iruke mbali zaidi.

Dhana: nikiskani wa kwanza jina langu limeshakaa

Jina linakaa ukiuza. Mwenzako akipita pale wiki moja baada yako akawahi kuuza, jina ni lake, na hakuna pa kulalamika.

Dhana: lazima uwe na Anaconda

Anaconda ni meli kubwa ya bei, huihitaji. Chukua Asp Explorer, meli ndogo zaidi. Skupu nzuri, kile kifaa cha kunyonya mafuta kwenye nyota. Nenda. Kumbuka tu skupu inanyonya kwenye nyota za O, B, A, F, G, K na M, zingine utakaukiwa. Ukikaukiwa kuna Fuel Rats, wachezaji wanaokuja kukupa mafuta bure popote ulipo, ila watakuuliza ulikuwa unafikiria nini.

Dhana: basi nitamaliza kodeksi, kile kitabu cha gemu cha vitu vilivyogunduliwa, ile ina orodha

Ina orodha, na galaksi imegawanywa mikoa 42, na kila mkoa una kodeksi yake. Ni bora kuliko sistimu, naiunga mkono. Lakini vitu vingine kwenye mkoa fulani havipo kabisa, kwa hiyo ukiona nafasi tupu usidhani ni uzembe wako. Ukitaka asilimia mia ya halali kacheza No Man's Sky, gemu nyingine ya anga, sayari bilioni bilioni 18 lakini wanyama wa sayari moja wanahesabika na ukiwamaliza unalipwa. Utamtafuta samaki wa mwisho siku tatu, ila yupo.

Dhana: "mimi nina OCD fundi"

Huna. Au labda unayo, mimi fundi kompyuta sio daktari, ila OCD ni ugonjwa wa akili wa mawazo na vitendo vya kujirudiarudia unaomtesa mtu, sio jina la kupenda vitu vikamilike. Na kama gemu imeshakula kazi, usingizi na ndoa na bado huwezi kuiacha, hilo nalo ni jambo lingine, Shirika la Afya Duniani wameliweka kwenye orodha yao ya magonjwa inayotumika tangu 2022, nenda kaongee na mtu anayejua. Usije kwangu nikupunguzie RAM, kuna mama mmoja alishaniomba hivyo kuhusu mwanawe.

Kijana aliondoka na RAM yake na jina la boksi kwenye kikaratasi. Langu mimi la sasa hivi lina sistimu 41, nimekata 40. Iliyobaki haifikiki, nimejaribu hata kuchanganya madini ya kudabo jampu nikapungukiwa miaka ya nuru miwili na nusu. Jana usiku nimevua ngao.