Kufuta jina hakumfichi mtu

Wakati wa Uviko-19 serikali nyingi zilichukua data za mienendo ya watu kutoka kampuni za simu, na wananchi wakatulizwa: majina na namba vimefutwa, hakuna atakayejulikana. Si kweli. Utafiti wa mwaka 2013 uliochambua rekodi za simu za watu milioni 1.5 ulionyesha kuwa nukta nne tu za mahali na saa hutosha kumtofautisha mtu na wengine wote, kwa asilimia 95 yao. Mnara wa mtandao ambao simu hunasa usiku ukiwa umelala, mnara wa kazini saa tatu asubuhi, msikiti wa Ijumaa, kliniki ya Jumanne. Jina la nini tena?

Kinachosaidia ni kujumlisha data kabla hazijatoka kwenye kampuni: safari ngapi kwa siku kati ya wilaya na wilaya, na kundi dogo, tuseme chini ya watu 15, liondolewe kabisa. Ukitoa jumla kwa kila saa na kila mnara, vijiji vyenye watu wachache hubaki wazi vilevile.

Kujua kama amri ya kutotoka nje inafuatwa, jumla hizo zinatosha. Anayedai rekodi za mtu mmoja mmoja aulizwe: za nini, zitafutwa lini, polisi watazifikia? Singapore ilikiri Januari 2021 kwamba polisi wangeweza kupata data za TraceTogether, programu yake ya kufuatilia waliokaribiana na wagonjwa wa Uviko-19, ilhali watu waliambiwa ni za kufuatilia maambukizi tu.